Upande Baba Aliougeuzia Uso

Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili, mwaka baba alipoanguka mnazini, na hapo ndipo taabu zetu zilipoanza. Mwaka wenyewe kwa tarakimu siuandiki, maana nyumbani kwetu hakukuwa na kalenda. Kulikuwa na mwaka wa nzige, mwaka wa mihogo mitupu, na mwaka wa baba kuanguka. Nyinyi wa rika langu mnaijua hesabu hiyo. Mguu wake wa kulia ulivunjika ukaunga vibaya, na mtu aliyekuwa akipanda minazi asubuhi, mchana na jioni akawa mtu wa kukaa juu ya kitanda cha kamba akitukana kuku. Mimi nikatolewa shule, nikakaa chini na mama tukashona makuti ya kuuza. Masomo yangu yaliishia hapo. Sioni haya kusema. Wako waliosoma mpaka wakachoka, na leo wananijia dukani kuomba kazi.

Nayaandika haya kwa sababu ya ugomvi mdogo. Kazi yangu ni kupiga video za harusi, kuanzia Takaungu mpaka ng'ambo ya Malindi. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mambrui, kaka wa bibi harusi, aliingia dukani kwangu na flashi mkononi.

"Shikamoo, mama. Kazi nzuri, lakini umekata."

"Marahaba. Nimekata nini?"

"Pale mama yetu alipomwita dada chumbani kumuaga. Tunaona wanaingia, halafu mlango. Mlango, mlango, mlango, mpaka wakatoka wote macho mekundu. Tumetazama mlango dakika nzima."

"Ulikuwa mlango mzuri," nikamwambia. "Wa mvule, na nakshi zake."

Akacheka kwa kulazimika. Nikamvutia kiti, nikaagiza chai na mahamri, nikamsimulia haya ninayowasimulia. Aliondoka na mlango wake, hakudai tena.

Kwetu ni upande wa bara, ukipanda kutoka Takaungu, kwa Wagiriama wenye minazi. Baba yangu, Kahindi, alikuwa mgema. Mgema, kwa asiyejua, ni mtu anayepanda mnazi kukata karara, ua lake changa, kwa kisu chake cha kotama, utomvu udondoke ndani ya kibuyu, na utomvu huo ndio tembo. Sasa mtu aliye juu ya mnazi anaona kila kitu. Bafu zetu zamani hizo zilikuwa viambaza vya makuti visivyo na paa. Anayekwenda njiani haoni kitu, lakini aliye juu yu sawa na mtu aliyeingia ndani bila hodi. Kwa hiyo palikuwa na ada. Mgema akifika chini ya mti hupiga ukelele, "Napandaa," kisha husimama. Mwanamke aliye bafuni hujibu, "Ngoja," akajifunga kanga yake. Ukimya ukiwa ukimya, mgema hupanda, macho kwenye shina. Na likimpita jambo machoni kwa bahati mbaya, halishuki naye. Ya juu hubaki juu, ndivyo wagema walivyoambiana. Mgema mwenye mdomo angevunja kijiji kwa msimu mmoja.

Asubuhi ile baba alipiga ukelele, akasimama, akapanda. Alikuwa karibu na kilele. Mguu ukakosa kidato, yaani lile pengo linalochongwa kwenye shina la kukanyagia, akaja chini kama gunia la nazi. Aliangukia upande wa kilima. Na upande wa kilima palikuwa na nyumba ya jirani yetu Karisa, na Karisa alikuwa ameoa juzijuzi, mke kijana jina lake Mbeyu, ambaye akipita kisimani hata wazee waliacha bao wakajifanya wanatafuta kete.

Basi. Mwahitaji niseme zaidi? Kabla makuti ya machela aliyobebwa nayo hayajakauka, kijiji kizima kilikuwa na hadithi yake. Kahindi alichungulia. Watoto wakatunga wimbo, na wakauimba mbele ya uwanja wetu wakirukaruka kwa mguu mmoja:

*Mgema kaona bafu,
kidato kakisahau.*

Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, nasema kweli. Mara moja nilijikuta nauimba huku nashona makuti, mama akanirushia kumbi la nazi.

Watu walipomwuliza baba, "Kahindi, uliona nini?" jibu lilikuwa moja. "Nilikosa kidato." Wakimbana, "Uligeuka kutazama nini?" husema, "Nilikosa kidato." Mama naye alimwuliza, kwa upole, wakiwa wawili na mimi nimejilaza nikijidai nimelala. "Nilikosa kidato, Mama Dama," akasema; Dama ni mimi. Mama aliyatwanga mahindi ya siku zile mpaka yakawa vumbi.

Karisa aliacha kutuamkia. Alipanga miiba katikati ya uwanja wake na wetu, mirefu kuliko mtu. Mbeyu akarudishwa kwao Ganze, kupumzika, ndivyo walivyosema, na watu wakashika matumbo kwa kucheka, maana bibi harusi mpya hapumziki. Nilimpenda Mbeyu. Alikuwa akinisuka nywele bila kunivuta.

Upande wa pili, upande wa bahari, jirani yetu alikuwa mmoja tu, Hawe Sidi. Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Alikuwa mzee mkavu, mjane, sikio moja zima na moja kama mlango uliofungwa, na ulimi wake ulikuwa na ncha mbili. Alituletea uji kila aliposikia mtungi wetu wa unga unakwaruzwa, na akituletea alisimama juu ya kitanda cha baba akamsuta.

"Mtu mzima, watoto wanne, unaangushwa na macho. Kunywa uji."

"Ahsante, Hawe."

"Usiniambie ahsante. Ungekuwa mwanangu ningekuvunja na huo mguu mwingine."

Baba alikunywa uji. Hakumjibu hata siku moja.

Ndipo likaja gari la sinema. Mnalikumbuka, lile la kijani kibichi lenye kipaza sauti juu. Safari hii halikuja kuonyesha, lilikuja kupiga picha. Mkubwa wao alikuwa Bwana Hamisi, mtu wa Mombasa, mwembamba, akijipepea kwa kofia yake hata penye upepo. Walitaka kutengeneza filamu fupi ya kuwafundisha wagema wajifunge kamba kiunoni wanapopanda. Akauliza kijiji, "Nani hapa amewahi kuanguka?" Sijaona kijiji kikimwonyesha mgeni njia kwa furaha kama siku ile. Walimleta wote, na wimbo juu.

Bwana Hamisi aliwafukuza kwa adabu, akakaa kwenye kinu kilichofudikizwa. Mama akampa dafu, maana tembo hakunywa. Akamweleza baba shida yake, kwamba atafutwe kijana wa kuigiza, baba amfundishe, na watamlipa. Kisha akauliza kama wote.

"Wakati ule, mzee, ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natazama pengine."

"Pengine wapi?"

"Pengine pasipokuwa pale."

Bwana Hamisi akalinywa lile dafu mpaka likakoroma. Kisha akasema, "Basi nifundishie hilo hilo."

Baba akamkazia macho. "Bwana, filamu yako ikimwonyesha mwanamke wa mtu, nitakuja Mombasa kwa mguu huu mmoja."

"Haitaonyesha."

Baba hakumwamini. Nilimjua alivyokuwa akitafuna shavu lake kwa ndani asipomwamini mtu.

Sasa nieleze upumbavu wangu. Mpiga picha wao alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole, na mashine yake ilikuwa na lenzi ndefu kama mchi. Nilimwuliza inafanya nini. Akasema, "Hii, mtoto, inashika kila kitu kilicho mbele yake, na haisahau." Mimi nikaenda nalo neno hilo nikalala nalo, nikaamka nalo. Nikaona kwamba wakiielekeza mashine ile kwenye mnazi wetu, ule ule, itavuta nje yote yaliyowahi kupita pale, kama ndoo inavyovuta maji yaliyokuwa kisimani tangu jana na juzi. Asubuhi ile ya baba imo. Alichokiona kimo. Filamu itakapoonyeshwa, kila mtu atajua kama baba yangu alichungulia au hakuchungulia. Niliizungukazunguka ile lenzi kwa mbali. Nilitaka ionyeshe, na nilitaka ipasuke.

Siku ya kupiga, watu walizuiliwa mbali, nyuma ya mikorosho, kwa sababu ya kelele. Mimi nilikuwepo kwa kuwa nilibeba kiti cha baba. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka uwanjani tangu aanguke. Kijana wa kuigiza aliitwa Charo, mgema naye, mwenye kujipenda, kaja amepakwa mafuta mpaka anateleza. Baba akamfundisha kwa fimbo.

"Ukifika kile kidato cha juu, uso wako unakwenda huku, bahari. Si kwa kutaka. Unakwenda tu, kama mtu anayetazama saa. Halafu unafumba macho, unageuka huku, kilima. Kwa nguvu."

"Nageuka kwa nini, mzee?"

"Geuka."

Charo alipanda, akatazama bahari, akafumba, akageukia kilima. Bwana Hamisi akasema vizuri, ashuke. Nikangoja aanguke. Hakuanguka. Walichofanya ni kulaza kibuyu cha tembo mchangani na kukipiga picha kikimwagika, muda mrefu, mtu mzima amelala kifudifudi na mashine akitazama kibuyu. Watu nyuma ya mikorosho walisikitika sana. Walikuja kuona mtu akianguka.

Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha gari liliporudi na filamu. Shuka likatundikwa ukutani mwa shule, jua likazama, na hakuna aliyebaki nyumbani isipokuwa mbuzi. Karisa alikuja, akakaa mbele mikono kifuani. Baba alikataa kwenda. Mama akamwambia, "Usipokuja watasema. Ukija watasema. Heri useme nao." Akaja, akaketi nyuma kabisa ukingoni, na mimi miguuni pake nikiwa nimeshikilia fimbo yake kwa mikono miwili.

Ikaanza. Mnazi wetu, mkubwa kuliko kanisa. Charo chini yake, "Napandaa." Ametulia. Anapanda. Halafu uso wake ukajaa shuka zima, jasho, mishipa ya shingo. Macho yakaenda upande. Yakatanuka. Kisha akayafumba kama mtu aliyetiwa pilipili, akazungusha uso upande wa pili. Baada ya hapo mtu hakuwepo tena. Yalikuwepo makuti ya mnazi yakitikisika mbinguni, na hapana sauti hata moja. Kisha kibuyu mchangani, tembo likizama, na kuku wa Hawe Sidi, ambaye hakuajiriwa na mtu, akaja kunywa.

Watu walimcheka kuku yule mpaka akaondoka kwenye shuka. Kisha ikatoka sauti ya mtu, "Aa. Na alichokiona kiko wapi?"

"Mmekata."

"Bwana Hamisi, utamu umeuweka mfukoni?"

Mimi nilijikunja. Nilijua sasa. Mashine ilikuwa imeona, na Bwana Hamisi alikuwa ameona, na alikuwa ameficha kwa kumhurumia baba. Mtu hufichiwa kibaya, hafichiwi kizuri. Baba yangu alichungulia. Niliegemeza paji la uso kwenye fimbo nikalia kimyakimya ili asinisikie, na juu yangu nilimsikia akitafuna shavu lake.

"Rudisheni nyuma," ikasema sauti ya Hawe Sidi. "Sikuona vizuri, mlikuwa mnacheka kuku wangu."

Kurudisha filamu zamani hizo haikuwa kubonyeza. Taa ziliwashwa, mkanda ukazungushwa kwa mkono, watu wakapiga soga. Taa zikazimwa. Safari hii watu walijua hakuna bafu linalokuja, basi hawakuwa na cha kutazama ila ule uso. Wakautazama. Ulivyokwenda. Ulivyofumba. Ulivyojing'oa kugeuka, kama mtu anayeondoa mkono motoni.

Hawe Sidi akasimama katikati ya taa ya sinema, kivuli chake kikamkalia Charo usoni.

"Charo. Hapo mwanzo ulitazama wapi? Bahari au kilima?"

"Bahari, Hawe. Halafu nikafumba nikageukia kilima. Ndivyo Mzee Kahindi alivyonifundisha."

"Na mnazi ndio ule ule?"

"Ule ule."

Na mnajua kijiji kikifikiri pamoja kunasikika. Upande wa kilima ni kwa Karisa. Upande wa bahari ni nyumba moja.

"Basi ni mimi," akasema Hawe Sidi.

Akajishika kiuno.

"Asubuhi ile nilikuwa uwanjani kwangu. Sikusikia ukelele wake, sikio hili mnalijua. Huyu mtu amenikuta nisipotaka kukutwa, akafumba macho akageuka, ndiyo akaanguka upande aliougeukia. Amekuwa akinywa uji wangu na matusi yangu mwaka mzima, hakunijibu. Karisa, kamrudishe mkeo. Nyinyi wenye wimbo, mwimbe mwingine."

Mzee mmoja, mtani wake wa siku nyingi, akashindwa kujizuia. "Hawe, ulikuwa unaoga?"

"Kuoga kwangu wewe unakujua?"

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilichokuwa nikifanya hakiwahusu. Aliyekiona hakusema, niseme mimi?"

Kilichopasuka pale si kicheko, ni kijiji. Watu walilaliana. Karisa alisimama, akapita katikati ya watu moja kwa moja mpaka nyuma, akasimama mbele ya baba. Baba akamsogezea nusu ya kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja, wakakikalia wawili, kila mtu na tako moja, wakatazama shuka tupu.

Mimi nilimwendea Bwana Hamisi aliyekuwa akikunja nyaya.

"Shikamoo. Kile ulichokata umekiweka wapi?"

"Marahaba. Sikukata, mtoto. Sikukipiga."

"Hukukiona?"

"Mimi? Nitakionea wapi? Alikiona babako, akakataa kuniambia."

"Mbona hukuweka hata cha uongo?"

Akachutama ili tutazamane. "Ningemweka mwanamke pale, watu wote wangemtazama mwanamke. Babako angeanguka bila kuonwa na mtu."

Sikuelewa nusu yake, lakini niliyashika maneno kama mtu anavyoshika sabuni. Nilichoelewa ni kimoja, kwamba mashine haikuwa imeona kitu, na kwamba baba yangu alikuwa mtu mwema hata pasipo mashine.

Tuliporudi nyumbani baba hakupita ukingoni. Alipita katikati ya watu na fimbo yake, polepole makusudi, akiamkiwa kushoto na kulia. Kesho yake Karisa alikwenda Ganze, na Mbeyu akarudi na sanduku lake kichwani na uso wa mtu anayesubiri kuombwa radhi vizuri. Aliombwa radhi mpaka mavuno. Karisa akaja kuondoa miiba, baba akamwambia, "Kata vipande vifupi, kuni hizo." Mchana wake akaja Hawe Sidi na uji, kwa mara ya kwanza bila tusi.

"Kahindi, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Hawe? Ningesema sikumtazama Mbeyu, wangeuliza nilimtazama nani."

"Na uliona?"

"Nilikosa kidato."

Hawe Sidi alicheka mpaka akakaa chini mchangani.

Baba hakupanda tena, lakini wagema vijana walikuja kwake, akawa anakusanya tembo lao na kulipeleka mjini, na wenye minazi walimwamini kuliko wote kwa kuwa walijua mdomo wake umetengenezwa na nini. Tukala. Mimi shuleni sikurudi, nilikwisha zoea kushika vyangu. Niliuzia hoteli za Bofa makuti, na hoteli moja ilipokuwa ikitupa vitu vya zamani nikanunua kamera ya video yenye mkanda mkubwa, nikajifunza kwa kuharibu. Wanaume wapiga picha walinicheka. Kisha wakagundua kwamba vyumba vya wanawake wanaingia wanawake, na mwanamke mwenye kamera ni mmoja. Na mimi huingia, na mara nyingine huisimamisha kamera nje, mlangoni, nikaingia mikono mitupu kula halua.

Baba alikufa kwa uzee, usingizini. Kabla ya hapo, nikiwa na watoto wangu, nilimwuliza mara moja tu, Hawe Sidi mwenyewe akiwa amezikwa zamani. "Baba, alikuwa anafanya nini?" Akanitazama kwa furaha kubwa, akasema, "Nani?"

Kijiji bado kinabishana. Wako wasemao alikuwa anacheza ngoma peke yake. Wako wasemao alikuwa anajaribu nguo za marehemu mumewe. Kila mtu ana yake, na kila mtu akisimulia humaliza kwa kusema Kahindi alikuwa muungwana.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya mawe ya vyumba vitano, Kilifi, juu ya barabara ya Bofa, na hati yake kwa jina langu. Duka la video, na vijana watatu wa kike ninaowalipa. Kamera nne, moja imekufa lakini sitaitupa. Jenereta. Shamba la minazi na mikorosho, na mgema wangu hujifunga kamba, atake asitake. Ng'ombe wawili wa maziwa. Pikipiki ninayoiendesha mwenyewe. Meno yangu yote isipokuwa mawili. Vilivyobaki viko ndani.